Programu za kuongeza kwenye Linux: ipi inastahili bando lako, ipi isubiri

Wiki iliyopita mwalimu mmoja wa sekondari, mkazi wa Rau, aliingia kibandani kwangu nyuma ya soko la Mbuyuni, kompyuta mpakato ikiwa kwenye mkoba mmoja na madaftari.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Kijana wangu, hii Linux uliyoniwekea inakwenda vizuri. Sasa niambie, niongeze nini?"

Mashine yake ina umri. RAM ni GB 4 na prosesa yake haimo kwenye zile zinazokubaliwa na Windows 11. Msaada wa Windows 10 ulipokoma tarehe 14 Oktoba 2025, alikuwa na njia mbili: anunue nyingine au abadilishe mfumo. Nilimwekea Linux Mint 22 yenye Xfce (mazingira mepesi ya skrini), iliyojengwa juu ya Ubuntu 24.04 (aina nyingine ya Linux) na yenye masasisho hadi 2029. Ilikuja na kivinjari, LibreOffice ya kuandikia nyaraka na kichezeshi cha video. Kwa kazi ya kila siku vinatosha. Swali lake lilikuwa la hatua inayofuata, na ndilo ninaloulizwa na karibu kila mtu akishazoea.

Badala ya kumtajia majina ya programu, nilimuuliza: "Mwalimu, umeme ukikatika saa mbili usiku uko katikati ya kuingiza maksi, na bando limekaribia kuisha, unaogopa kupoteza nini?"

Hakufikiri hata kidogo. "Maksi za watoto."

Jibu hilo ndilo lililopanga ulinganisho huu. Orodha nyingi za programu za Linux huandikwa na watu ambao intaneti yao haihesabiwi kwa MB na umeme wao haukatiki wakati wa masika. Hapa Moshi, na kwa wenzetu wa Arusha wanaonitumia mashine kwa basi, programu unayoiongeza unailipia mara tatu: bando la kuipakua, RAM ya kuiendesha, na betri itakayoila taa zikizima. Nitaziweka ubavu kwa ubavu zile zinazogombea kazi moja, niseme ningemchukulia nani ipi.

Timeshift, Déjà Dup na Back In Time

Naanza na bakapu kwa sababu hapa ndipo watu huumia. Hizi tatu zinaonekana kama ndugu, na mimi mwenyewe niliwahi kuzichanganya. Nilipoanza kazi hii nilimwekea mama mmoja mwenye steshenari Timeshift, nikamwambia, "Mama, sasa uko salama." Diski yake ilipokufa nilifunga mpya, nikarudisha kila kitu kutoka diski ya nje. Mfumo uliwaka kama jana yake: mandhari ileile, printa ileile, programu zote zipo. Folda ya kazi za wateja ilikuwa tupu. Barua za maombi, kadi za mchango wa harusi, ripoti za vikoba, vyote havikuwepo. Kosa lilikuwa langu, na bado linaniuma, maana jambo lenyewe ni jepesi kulijua: Timeshift kwa kawaida yake haigusi folda za nyumbani za watumiaji. Inapiga picha ya mfumo tu.

Kwa kazi hiyo ya mfumo haina mpinzani. Sasisho likileta shida, tuseme Wi-Fi imegoma au skrini haiwaki, unaifungua Timeshift, unachagua tarehe ya nyuma, unarudi ulikokuwa. Mashine ikikataa kuwaka kabisa, unaiwasha kwa flashi ya Mint na kuifungulia Timeshift humo humo. Ipo ndani ya Mint tayari, kwa hiyo bando lake ni sifuri. Nafasi kwenye diski ndiyo ya kuangalia: picha ya kwanza hubeba mfumo mzima, lakini zinazofuata haziandiki upya faili ambalo halijabadilika, zinaliunganisha tu na lile lililopo. Na inataka diski iliyoumbizwa kwa Linux, kwa mfano ext4. Flashi ya FAT au diski ya nje ya NTFS uliyotoka nayo Windows haitaikubali.

Maksi za watoto zinahitaji programu nyingine, na hapo ndipo ushindani wa kweli ulipo, kati ya Déjà Dup na Back In Time.

Déjà Dup inakuuliza maswali machache: uhifadhi nini, usihifadhi nini, wapi, mara ngapi. Basi. Baada ya bakapu ya kwanza inaongeza mabadiliko tu. Inaweza kufunga kila kitu kwa nywila, na inakubali kuandika kwenye folda yoyote unayoweza kuandikia, hata kwenye diski ya NTFS. Ubaya wake ni kwamba ukiifungua diski hiyo kwa macho huoni mafaili yako, unaona mafurushi yenye majina yasiyosomeka. Ili kupata chochote lazima upitie kwenye programu yenyewe. Na nywila ukiisahau, hakuna fundi wa Moshi wala wa Nairobi atakayekufungulia.

Back In Time inafanya kinyume. Kila bakapu ni folda yenye jina la tarehe na saa, na ndani yake mafaili yako yamekaa kama yalivyo. Unaingia, unalitafuta lile la Jumanne, unalinakili, umemaliza. Nayo huunganisha mafaili yasiyobadilika kama Timeshift, ndiyo maana inataka diski ya Linux. Mipangilio yake ina vitufe vingi, na mtu asiyezoea anaweza kupotea humo mara ya kwanza.

Yule mama wa steshenari leo anatumia Back In Time. Mteja akija kusema, "Dada, ile CV ya mwezi wa tatu bado unayo?" anafungua folda ya mwezi wa tatu mteja akiwa amesimama palepale kaunta. Mwalimu nilimpa Déjà Dup, kwa sababu mbili. Diski yake ya nje ni ya NTFS na anaipeleka shuleni kwenye mashine za Windows, kwa hiyo hatuwezi kuiumbiza upya. Na maksi za wanafunzi si kitu cha kuacha wazi kwenye diski inayozunguka mikononi mwa watu.

Mint inacho pia chombo chake kidogo cha kuhifadhi data, kinachokusanya folda yako ya nyumbani kwenye furushi moja. Kinafaa siku ya kuhamia mashine mpya. Kwa kila siku hakifai, maana kila mara kinaanza mwanzo.

KDE Connect, Warpinator na LocalSend

Kwa wengi wetu simu ndiyo ofisi ya kwanza, na kompyuta ni ya pili. Swali la kuhamisha vitu kati ya hizo mbili haliishi, na bado naona watu wakijitumia picha kwa WhatsApp: bando linaliwa mara mbili, kupandisha na kushusha, na picha inafika imebanwa. Zote tatu ninazozitaja hapa hupitisha faili kwenye mtandao wa ndani tu, bila kutoka nje. Hazili data hata kidogo.

KDE Connect inafanya mengi kuliko kuhamisha faili. Ukishaunganisha simu ya Android na kompyuta kwenye Wi-Fi moja, ujumbe unaoingia kwenye simu unatokea pembeni ya skrini. Unaweza kujibu SMS kwa kibodi, kuiita simu iliyopotea chini ya kitanda, kugeuza simu kuwa kipanya, au kuitumia kubadilisha slaidi ukiwa umesimama mbele ya darasa. Mama wa steshenari anaipenda kwa jambo moja: mteja akilipa kwa M-Pesa, ujumbe unajitokeza kwenye kona ya skrini huku yeye akiendelea kuchapa. Haachi kazi, hatafuti simu kwenye droo. Ila kaunta ina macho mengi, na ujumbe ule hubeba salio. Kwenye programu ya simu, sehemu ya arifa, chagua ni programu zipi ziruhusiwe kuonekana kwenye kompyuta, au ficha maandishi yaliyomo. Fanya hivyo siku ileile unayoiweka.

Ubao wa kunakilia nao unashirikishwa, kwa mpaka mmoja. Kuanzia Android 10, programu iliyo nyuma ya pazia hairuhusiwi kusoma ulichonakili. Kutoka kompyuta kwenda simu maandishi hupita yenyewe, lakini kutoka simu kwenda kompyuta lazima ubonyeze kitufe cha kutuma. Watu huniambia imeharibika, haijaharibika.

Gharama ya KDE Connect ni mizigo inayokuja nayo. Ni mtoto wa KDE, ambayo ni mazingira ya skrini kama Xfce, Cinnamon au GNOME, na ukiileta kwenye Xfce au Cinnamon inavuta maktaba nyingi za KDE nyuma yake. Kabla ya kukubali, tazama ule mstari unaosema itapakua kiasi gani. Mwenye GNOME anaweza kutumia GSConnect, inayozungumza lugha moja na KDE Connect lakini hukaa kama kiendelezi cha GNOME bila mizigo ile. Viendelezi vya GNOME navyo vimefungwa na toleo: GNOME ikipanda toleo, kiendelezi kinaweza kukaa kimya mpaka watengenezaji wake wakifikie.

Warpinator ni kinyume chake kabisa. Kazi yake ni moja, kupeleka mafaili na mafolda, na imekuwemo ndani ya Linux Mint tangu toleo la 20 la mwaka 2020. Hakuna cha kupakua. Kwenye chumba cha kompyuta chenye mashine za Mint, unaifungua kwenye mashine zote, zinaonana kwa majina, unaburuta folda ya mtihani kwenda kwenye mashine unayoitaka. Badilisha neno la kikundi. Lile linalokuja nalo linajulikana na kila mwenye Warpinator, kwa hiyo yeyote aliye kwenye mtandao wako anaweza kukuona. Kwa Android ipo programu isiyo rasmi, iliyotengenezwa na watu wengine, nami nimeitumia bila shida.

LocalSend niliifahamu vizuri kupitia kijana mmoja mwongoza watalii kutoka Sakina, Arusha. Wageni wake wanarudi kutoka Tarangire na picha mamia, huyu ana iPhone, yule ana Windows, mwingine ana Mac, na wote wanataka kubadilishana kabla ya ndege ya jioni. KDE Connect hapo ingekuwa somo refu, na Warpinator ingewaacha wengi nje. LocalSend ipo kwa mifumo yote hiyo, haitaki akaunti, na mtu anayetumiwa anabonyeza kukubali, mambo yameisha. Kwa mtu anayekutana na simu za aina zote, naichagua hii bila kusita. Haileti arifa wala SMS, na yule kijana hazihitaji.

Sasa tatizo ambalo litakukuta kwa yoyote kati ya hizi tatu: vifaa viko kwenye Wi-Fi moja lakini havionani. Wi-Fi nyingi za hoteli na migahawa huzuia vifaa vya wateja visiongee vyenyewe kwa vyenyewe, kwa usalama. Dawa yake ni hotspoti ya simu yako. Zima data ya simu kwanza, kisha washa hotspoti. Kwenye simu nyingi mtandao wa ndani unafanya kazi hata data ikiwa imezimwa. Ukiacha data wazi, kompyuta inaweza kuanza kushusha masasisho ukiwa unadhani unahamisha picha tu. Nimeona bando la wiki likiondoka kwa dakika chache namna hiyo.

Kama umewasha ukuta wa usalama wa Linux, fungua milango ya mtandao yenye namba 1714 hadi 1764 kwa KDE Connect, kwa aina zote mbili za mawasiliano, TCP na UDP; 42000 na 42001 kwa Warpinator; na 53317 kwa LocalSend.

TLP au auto-cpufreq

Mashine nyingi tunazonunua hapa ni za mtumba, na betri zake zimeshachoka kabla hazijatufikia. Programu hairudishi uhai wa betri. Inachoweza ni kupunguza ulaji.

TLP unaiweka kwa apt, amri ya Mint ya kusakinisha programu, na kuiacha. Mipangilio yake ya mwanzo inatosha kwa walio wengi: ukichomoa chaja inapunguza ulaji wa prosesa, Wi-Fi, diski na vifaa vya USB, ukichomeka inaachia. Hakuna dirisha wala vitufe, mambo yake yote yamo kwenye faili la `/etc/tlp.conf`. Amri ninayoipenda zaidi ni `sudo tlp-stat -b`. Inakuonyesha betri ilitoka kiwandani na uwezo gani na leo imebaki na kiasi gani. Mteja akiniuliza kwa nini chaji haidumu, namwonyesha namba hizo mbili kwenye skrini, na mazungumzo yanakuwa mafupi.

auto-cpufreq inashughulika hasa na prosesa: inatazama mzigo na joto, inapandisha au kushusha kasi papo hapo. Kazi hiyo inaifanya vizuri. Lakini kwenye Mint huipati kwa apt ya kawaida. Unaichukua GitHub, ghala la programu mtandaoni, kwa hati yake ya usakinishaji, au kwa Snap, njia nyingine ya kusakinisha, na Snap imezimwa kwenye Mint tangu toleo la 20. Kwa mtu wa kawaida naona ni safari ndefu kwa faida ndogo. Mwenye mashine inayochemka sana, anayejua kutumia dirisha la amri, aijaribu. Usiziwashe zote mbili pamoja, zitagombania prosesa. Vivyo hivyo kama mashine yako ina power-profiles-daemon, ile inayokupa vitufe vya kuchagua kati ya nguvu na kubana matumizi: hiyo na TLP hazikai nyumba moja.

Kuna jambo la TLP linalosifiwa sana nje ambalo hapa nalipinga kidogo. Kwenye ThinkPad na baadhi ya mashine nyingine unaweza kuiambia betri isichajiwe kupita kiwango fulani, na wengi hupendekeza asilimia 80, ili betri idumu miaka mingi. Kwa betri yenyewe ni kweli, kukaa kwenye chaji iliyojaa kunaizeesha. Lakini mtu wa Moshi anayefanya kazi kaunta, betri ndiyo jenereta yake. Umeme ukikatika saa tano asubuhi, ile asilimia 20 uliyoikata ndiyo ingekumalizia kazi ya mteja aliyekaa kwenye benchi. Kwa mashine za kaunta naweka kikomo asilimia 95. Kwa mtu wa ofisi yenye jenereta, 80 ni sawa. Na ukitaka kusafiri, `sudo tlp fullcharge` inaijaza mara moja bila kubadilisha mpangilio wako.

Kabla hujapakua OnlyOffice

Malalamiko ninayoyasikia zaidi kwa walimu na watumishi ni haya: barua imetoka ofisini ikiwa ukurasa mmoja, ukiifungua kwenye LibreOffice inakuwa kurasa mbili, sahihi imebaki peke yake upande wa pili. Ushauri wanaoupata ni kuweka OnlyOffice. Ni programu nzuri, imejengwa juu ya muundo wenyewe wa DOCX, ule wa mafaili ya Word, na kwa nyaraka zenye majedwali yaliyopachikana na maoni ya watu wengi inashika umbo vizuri kuliko LibreOffice. Kuipakua kunakula mamia ya MB, na kwenye RAM ya GB 4 utaisikia.

Mara nyingi tatizo ni fonti tu. Barua imeandikwa kwa Calibri au Cambria, fonti za Microsoft ambazo Linux haina, kwa hiyo LibreOffice inaweka nyingine yenye herufi pana au nyembamba zaidi, mistari inasogea, ukurasa unavunjika. Ziko fonti mbili huria, Carlito na Caladea, zilizochorwa upana wa herufi uleule: Carlito kwa Calibri, Caladea kwa Cambria. Vifurushi vyake vinaitwa `fonts-crosextra-carlito` na `fonts-crosextra-caladea`, na ni vidogo. Angalia kama unavyo, kama huna viweke, fungua barua tena. LibreOffice inabadilisha yenyewe. Kwa Times New Roman na Arial kazi hiyo inafanywa na Liberation, ambazo kwa kawaida zimo tayari.

Nilimfanyia hivyo mwalimu mbele ya macho yake. Barua ya kurasa mbili ilirudi kuwa moja, na ule mstari wa "Nakala kwa:" ukapanda mahali pake chini ya sahihi. OnlyOffice hatukuipakua. Akibadilishana rasimu zenye masahihisho na watu wa Word kila siku, nitambadilishia ushauri. Jambo jingine la kumpa LibreOffice sifa: ina kamusi ya tahajia ya Kiswahili, na mtu anayetunga mitihani ya Kiswahili anaijua thamani yake.

Vidogo vya haraka

Kwa mashine ya RAM GB 4, weka `zram-tools` na `earlyoom`. Hazishindani, zinasaidiana. Ya kwanza inabana data ndani ya RAM yenyewe badala ya kuisukuma kwenye diski, na kwenye diski za zamani zinazozunguka tofauti unaiona siku hiyohiyo. Ya pili inasubiri RAM na swapu (nafasi ya akiba ya RAM) zilizobaki wazi zikishuka chini ya asilimia 10, ndipo inaua programu iliyobeba mzigo mkubwa kabla mashine nzima haijaganda. Mara nyingi inayouawa ni kivinjari, kwa hiyo kama unajaza fomu ndefu mtandaoni, funga vichupo vingine.

Kwa kupiga picha za skrini, Flameshot dhidi ya Ksnip: nachukua Flameshot. Unachagua eneo, unachora mshale, unaweka namba ndani ya duara, unafuta kwa ukungu namba ya simu ya mtu, yote kabla ya kuhifadhi. Mwalimu anayeandaa maelekezo ya hatua kwa hatua atazipenda zile namba. Ksnip nayo ina nafasi kwa mtu anayetaka picha kadhaa zikae wazi kwenye vichupo azirudie baadaye.

Kwa kumbukumbu ya ulivyonakili, Xfce inayo Clipman, ndogo na tulivu. CopyQ ni kubwa zaidi: inatafuta, inapanga kwa vichupo, inakumbuka hata baada ya kuzima mashine. Kukumbuka huko ndiko kunakonifanya niiache kwenye mashine za kaunta, kwa sababu nywila uliyoinakili asubuhi inaweza kuwa imekaa humo jioni.

Vizinduzi kama Ulauncher na Albert, vya kufungua programu kwa kuandika jina lake, sina ugomvi navyo. Kwenye Xfce bonyeza Alt na F2, andika jina la programu, inafunguka. Okoa bando.

Zije kwa njia gani

Programu ileile inaweza kuja kwa apt, kwa Flatpak au kwa AppImage, na tofauti ya bando ni kubwa. Apt hutumia maktaba zilizopo tayari kwenye mfumo, kwa hiyo kwa kawaida ndiyo nyepesi. Matoleo yake huwa ya nyuma kidogo. Flatpak kutoka Flathub, ghala lake la mtandaoni, ina matoleo mapya na huendesha programu ndani ya uzio wake, ila programu ya kwanza huja na msingi mzima wa kuiendesha, ambao peke yake unaweza kuwa mamia ya MB. Zinazofuata zinazotumia msingi uleule zinakuwa nafuu. AppImage ni faili moja: unaliruhusu kuendeshwa kwenye sifa zake, unalibofya, linafunguka. Kwenye Ubuntu kuanzia 22.04 AppImage nyingi hugoma mpaka uweke maktaba ya libfuse2.

Kwa mtu mwenye mashine moja, apt kwanza, Flatpak pale tu toleo la apt linapokosa kitu unachokihitaji kweli. Kwa mwenye mashine nyingi, mkuu wa maabara ya shule kwa mfano, faida ya apt ni kubwa zaidi. Kwenye mashine moja andika:

`sudo apt-get install --download-only flameshot tlp`

Vifurushi vinashuka bila kusakinishwa na kukaa kwenye `/var/cache/apt/archives`. Vinakili kwenye flashi, nenda kwenye mashine nyingine zenye toleo lilelile la Mint, fungua dirisha la amri ndani ya folda hiyo na uandike `sudo apt install ./*.deb`. Bando umelipa mara moja. AppImage nayo inabebwa na flashi vivyo hivyo, na LocalSend inapatikana kwa namna hiyo.

Mwalimu aliondoka na Déjà Dup, TLP, fonti mbili, zram na earlyoom. KDE Connect aliitaka kwa ajili ya slaidi za darasani. Tuliona kiasi kinachoombwa kupakuliwa, akasema tusubiri mwisho wa mwezi.

Kabla hajaenda nilimwomba afute faili la maksi za kidato cha pili.

"Nifute kweli?"

"Futa, mwalimu. Na kwenye takataka pia."

Akafuta kwa mkono wake, kidole kikisita juu ya kitufe. Tukachomeka diski, tukafungua Déjà Dup, tukachagua bakapu ya nusu saa iliyopita, akaandika nywila. Faili likarudi. Alilifungua, akashuka na safu ya majina mpaka la mwisho, akihesabu kwa midomo. Kisha akachomoa diski ya nje, na badala ya kuirudisha kwenye mkoba wa mashine akaitia kwenye mfuko wa koti.